Je, Bwawa Huita Mvua?

Kuna mchoro mmoja ambao sidhani yuko mwanafunzi humu nchini aliyemaliza shule ya msingi bila ya kuunakili daftarini. Kushoto pana jua lenye miale mirefu na chini yake pana ziwa. Mishale inapaa kutoka ziwani hadi kwenye wingu, wingu nalo linasogea hatua chache tu upande wa kulia, linafika juu ya mlima, na papo hapo matone yanaanza kuanguka. Kisha mto unateremka kutoka mlimani na kuyarejesha maji ziwani. Huo ndio mzunguko wa maji, nasi walimu tumeuchora ubaoni kwa chaki za rangi mara zisizohesabika. Mchoro wenyewe si wa uongo. Lakini una hila yake, kwa kuwa umeibana safari ya maelfu ya kilomita katika upana wa ubao mmoja. Aliyeutazama akiwa mtoto hukua akiamini kwamba penye ziwa kubwa sharti mvua inyeshe papo hapo, na kwamba mwenye kuchimba ziwa amejichimbia mvua yake.

Imani hiyo imetoka darasani ikaingia katika mikutano ya hadhara. Kila panapotajwa ujenzi wa bwawa kubwa katika sehemu kame za nchi hii, hakosekani msemaji wa kusimama na kuwaahidi wananchi kwamba, mbali na umeme na maji ya mifereji, bwawa litawaletea mvua. Na kila ukame unapozuka karibu na bwawa lililokwisha kujengwa, hakosekani mwingine wa kudai kwamba ni bwawa hilohilo lililoifukuza mvua. Kauli hizi mbili zinapingana, lakini mzazi wao ni mmoja, nao ni ule mchoro wa ubaoni.

Kabla sijaendelea, ni vyema tukumbushane tofauti ya maneno mawili ambayo hata magazeti huyachanganya. Hali ya anga ni yale yanayotokea leo na kesho: jua kali adhuhuri, manyunyu jioni, ukungu alfajiri. Tabianchi ni mwenendo wa mambo hayo kwa muda wa miaka mingi, aghalabu thelathini au zaidi, mpaka mtu akaweza kusema kwamba mahali fulani ni pakavu au pana majimaji. Bwawa linaweza kuigusa hali ya anga ya siku moja pasipo kuibadilisha tabianchi ya mahali. Anayetuambia kwamba aliona wingu zito juu ya bwawa Jumanne iliyopita hajatuambia lolote kuhusu tabianchi.

Sasa basi, ziwa lililotengenezwa na binadamu hufanya nini hasa kwa hewa iliyo juu yake na kando yake?

Jambo la kwanza ni joto. Ardhi tupu ya sehemu kame hupata moto upesi na kupoa upesi. Asubuhi ni baridi, saa nane haikanyagiki kwa mguu mtupu. Maji hayana haraka hiyo. Miale ya jua hupenya ndani yake badala ya kukomea juu, mawimbi huyachanganya, na kila lita huhitaji joto jingi zaidi kuliko udongo wa uzito uleule ili ipande kwa nyuzi moja. Kwa hiyo mchana maji huwa baridi kuliko nchi kavu inayoyazunguka, na usiku huwa na uvuguvugu kuliko nchi hiyo. Mkazi wa ufukoni hupunguziwa ukali wa mchana na ukali wa usiku pia.

La pili ni mvuke, na hapa ningependa mwalimu achukue sufuria na jiko kabla ya kuchukua chaki. Aweke lita moja ya maji motoni, apime muda unaopita mpaka yachemke, halafu apime tena muda unaopita mpaka yakauke yote. Wanafunzi watastaajabu. Joto linalotumika kuigeuza lita moja ya maji kuwa mvuke lingetosha kuchemsha lita saba na zaidi za maji ya kawaida. Kando ya mito yetu ya nyanda za chini, maji yaliyo wazi hupoteza milimita tano au sita hivi kwa siku kwa kugeuka mvuke, na kazi hiyo humeza zaidi ya nusu ya joto lote ambalo jua humwaga juu ya maji siku hiyo. Joto lililomezwa hivyo halikuipasha hewa moto. Ndiyo sababu mtu anayelikaribia ziwa wakati wa adhuhuri huhisi amefunguliwa mlango wa chumba chenye kivuli.

La tatu ni upepo. Maadamu mchana nchi kavu ina moto kuliko maji, hewa ya nchi kavu hupaa na ile ya ziwani huja kuchukua nafasi yake. Usiku mambo hugeuka, na upepo hutoka nchi kavu kuelekea majini. Wavuvi wa pwani na wa Ziwa Viktoria wanaujua mtindo huu tangu enzi za babu zao, nao huutumia kutweka tanga la kwenda na la kurudi. Bwawa kubwa huzaa upepo wa aina hiyohiyo, ila ni mdogo kwa kadiri ya udogo wa maji yenyewe.

Mambo hayo matatu ni ya kweli na yanapimika. Mzozo unaanza tunapotaka kuvuka kutoka kwenye mvuke kwenda kwenye mvua.

Mvuke peke yake si mvua. Nendeni Mombasa mwezi wa Januari: nguo haikauki mwilini kwa jasho, hewa imejaa unyevu wa bahari nzima ya Hindi, na bado Januari na Februari ni miezi mikavu ya pwani yetu. Ili mvuke ugeuke mvua, lazima hewa inyanyuliwe juu, ipoe, na mvuke wake ugande kuwa matone. Inaweza kunyanyuliwa na mlima, au na pepo mbili zinazogongana, au na joto kali la ardhi. Pasipo na cha kuinyanyua, hewa yenye unyevu hupita zake kama msafiri asiye na mwenyeji mahali hapo.

Tuchukue mfano wa kwetu. Mto Tana umefungwa kwa mabwawa matano yanayofuatana: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. La kwanza kujengwa lilikuwa Kindaruma mnamo 1968, na lililo kubwa kuliko yote ni Masinga, lililokamilika mwaka wa 1981. Likijaa, Masinga hutandaa juu ya kilomita mraba 120 hivi na kuhifadhi takriban mita za ujazo bilioni moja na nusu. Tuseme kila mwaka maji yake hupungua kwa mita mbili kwa kugeuka mvuke, kadirio ambalo si geni katika nyanda zile zenye joto. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza atazidisha na kupata mita za ujazo milioni 240 kwa mwaka. Ni maji mengi mno. Ni zaidi ya sehemu moja ya saba ya bwawa zima, yanayopaa bila ya kugeuza mtambo hata mmoja wala kunywesha mbuzi hata mmoja.

Sasa tuwe wakarimu kupita kiasi. Tuseme mvuke wote huo unagoma kuondoka, unaanguka kama mvua juu ya mraba wa kilomita 100 kwa 100 unaolizunguka bwawa, hakuna hata tone lililopotea. Mvua itakayopatikana ni milimita 24 kwa mwaka mzima. Hiyo ni mvua ya alasiri moja njema mwezi wa Novemba, katika eneo ambalo kwa kawaida hupata milimita mia kadhaa katika misimu yake miwili. Na hata hizo 24 tumezitia chumvi, kwani kichaka kilichofunikwa na maji nacho kilikuwa kikirudisha hewani sehemu kubwa ya mvua iliyokinyeshea. Ziada iliyoletwa na bwawa ni ile tofauti tu.

Halafu mvuke haugomi kuondoka. Unyevu ulioingia hewani hukaa huko kwa wastani wa siku nane au tisa kabla ya kuanguka mahali. Upepo wa wastani, wa mita tano kwa nukta, huenda kilomita 18 kwa saa, yaani zaidi ya kilomita 400 kwa siku. Zidisha kwa siku nane. Mvuke uliopaa Masinga asubuhi ya leo huenda ukanyesha juu ya msitu wa Kongo, au ukarudi baharini kwa njia ndefu. Mkulima wa Mbeere au wa Yatta ndiye wa mwisho kuutegemea. Vivyo hivyo, mvua inayomnyeshea mkulima huyo ilipaa siku nyingi kabla, sehemu yake kubwa kutoka Bahari ya Hindi.

Miaka kadhaa iliyopita niliandamana na wanafunzi wa kidato cha tatu hadi ufuko wa bwawa hilo. Tulifika wakati jua limesimama utosini. Karibu na maji upepo ulikuwa ukivuma kuelekea nchi kavu, wa ubaridi wa kupendeza, hata wasichana wakavua sweta zao na kuzipepea kama bendera. Tulipopanda mteremko mwendo wa robo saa hivi, upepo ulikuwa umeisha na joto limeturudia lote. Hapo tulimkuta mzee mmoja akikagua shamba la mahindi yaliyosokotana majani kama sigara. Mwanafunzi mmoja akamwuliza kwa adabu, “Mzee, mbona mahindi yamekauka na maji yale pale?” Mzee alimtazama kwa huruma. “Mjukuu wangu,” akasema, “maji yale tunayaona kwa macho. Tuliambiwa bwawa likijaa mvua nayo itazidi. Mimi mvua yangu huingoja kutoka kule.” Akanyosha bakora yake upande wa mashariki, ziliko Kitui na, mbali nyuma yake, bahari.

Sikuwa na la kumwongezea mzee yule. Kila ninapowasikia wasemaji wetu majukwaani, hutamani wangesimama kando yake dakika tano.

Ushahidi wa miaka unamuunga mkono. Masinga lilikuwa na umri wa miaka mitatu tu ulipotufika ukame mkubwa wa 1984. Mnamo 2009 maji yalipungua hata mitambo ya kituo cha Masinga ikasimamishwa. Mwaka wa 2018, na tena mwaka wa 2024, mvua za masika zilinyesha kwa kishindo mpaka mabwawa ya Tana yakafurika na watu wa nyanda za chini wakahamishwa. Kati ya 2020 na 2022 nchi zetu za Pembe ya Afrika zilipitisha misimu mitano mfululizo ya mvua haba. Katika mtiririko wote huo, bwawa lilikuwa likiifuata mvua, likijaa inapokuja na kukauka inapokosa. Waliokuwa wakiendesha mambo ni joto la maji ya Bahari ya Hindi na lile la Pasifiki, ambako hutokea El Niño na mwenziwe La Niña.

Msomaji makini atanipinga hapa, na ana haki. Ataniuliza: mbona basi Ziwa Viktoria huleta mvua? Kericho, Nandi na Kisii hunyeshewa karibu kila alasiri, na mvua ya mawe inayochana majani ya chai ya Kericho inajulikana hadi ng’ambo. Kweli kabisa. Ila tutazame kinachotendeka. Mchana upepo wa ziwani huenda mashariki, ukapanda milima, na huko ukakutana na upepo unaotoka upande wa bahari. Hewa haina pa kwenda ila juu. Usiku upepo wa nchi kavu huteremka kutoka pande zote na kukutana katikati ya ziwa, ndipo ngurumo huwaka juu ya maji na kuzamisha mitumbwi. Viktoria lina kilomita mraba 68,800, yaani Masinga zaidi ya mia tano na sabini zikiwekwa pamoja, na upana wake ni kilomita 240 hivi. Hewa inayolivuka kwa kasi ile ya kilomita 18 kwa saa hukaa juu ya maji saa kumi na tatu. Mabwawa yetu ya Tana ni membamba. Yamejipenyeza katika mabonde kama vidole. Hewa hiyohiyo huvuka mahali pengi pa Masinga kabla ya nusu saa kwisha, ikiwa imelamba maji tu wala haijanywa.

Na hata ukubwa hautoshi. Kaskazini mwa nchi tuna Ziwa Turkana, lenye zaidi ya kilomita mraba 6,000, kubwa kuliko Ziwa Kariba la kule Zambezi ambalo ni miongoni mwa mabwawa makubwa kabisa duniani. Jua hulipokonya Turkana zaidi ya mita mbili za maji kila mwaka. Kama mvuke ungekuwa mvua, Lodwar ingekuwa bustani. Kumbe Lodwar hupata kiasi cha milimita mia mbili tu kwa mwaka, kwa sababu pepo kali zinazopita kati ya milima ya Uhabeshi na ya Kenya huuchukua mvuke na kwenda nao. Maji ya ziwa hilo yenyewe huletwa, kwa sehemu yake kubwa, na mto Omo kutoka milima ya mbali.

Wamisri wanayo hadithi hiyohiyo kwa kipimo kikubwa zaidi. Bwawa la Juu la Aswan lilikamilika mwaka wa 1970, na nyuma yake likatanda Ziwa Nasser, linaloingia hadi Sudan kwa urefu wa kilomita mia tano hivi. Hata kabla ya ukuta kujengwa, mkataba wa Misri na Sudan wa mwaka wa 1959 ulikuwa umekwisha kulipigia jua hesabu yake: katika mita za ujazo bilioni 84 ambazo Naili huleta kwa mwaka wa wastani, bilioni 10 zilihesabiwa kuwa za kupotea ziwani. Mvuke wa bilioni kumi kila mwaka, kwa zaidi ya nusu karne, juu ya mji mmoja! Na Aswan ingali miongoni mwa miji mikavu kupita yote duniani, mji ambao wastani wake wa mvua ni milimita moja hivi kwa mwaka. Sababu iko angani. Hewa iliyopaa katika maeneo ya ikweta huja kushuka juu ya Sahara, na hewa inayoshuka hupata joto na kukauka. Wingu haliwezi kukua chini ya mzigo huo, hata ulipe ziwa zima linywe.

Kariba lenyewe, ambalo ukuta wake ulimalizika mwaka wa 1959 na ambalo kwa ujazo halijapitwa na bwawa lolote duniani, halikujiokoa. Mwishoni mwa 2022 maji yake yanayoweza kutumika yalikuwa yamekaribia kwisha, na Zambia na Zimbabwe zikakaa gizani.

Nisieleweke kana kwamba ninadai mabwawa hayagusi mvua kamwe. Hilo nalo lingekuwa kosa la upande wa pili. Mwaka wa 2011 wataalamu waliochunguza mabwawa makubwa 92 ya Marekani walichapisha matokeo yao: kando ya mabwawa yaliyo katika maeneo makavu na yenye tabianchi kama ya Mediterania, unyevu na nguvu ya hewa kupaa huongezeka kadiri unavyoukaribia ufuko, na upo uwezekano kwamba dhoruba ambazo zingekuja hata hivyo zikaja na ukali zaidi. Katika maeneo yenye mvua nyingi athari hiyo ilikuwa haionekani vyema. Tuangalie maneno hayo kwa makini. Hawakusema kwamba bwawa huanzisha mvua mahali isipokuwapo. Walisema kwamba huenda likaipa nguvu dhoruba iliyokwisha kufika. Kwa mhandisi anayepiga hesabu ya mlango wa kumwagia maji ya ziada, hilo ni jambo zito sana, kwa kuwa hesabu yake imetegemea mvua za kabla ya bwawa kuwapo. Kwa mkulima anayengoja mvua ya kupandia, halimsaidii.

Kuna pia ajabu ya Gezira, kule Sudan. Tangu bwawa la Sennar lilipofunguliwa mwaka wa 1925, maji ya Naili ya Buluu yamekuwa yakinyweshea mashamba ambayo sasa yamezidi kilomita mraba 8,000. Mwaka wa 2015 watafiti walionyesha kwamba unyweshaji huo umepunguza joto la eneo lenyewe na kupunguza mvua juu yake, huku mvua ikizidi upande wa mashariki. Ardhi iliyopozwa haiwezi kuinyanyua hewa; hewa huenda kupaa kwa jirani mwenye joto. Ndipo utaona kwamba yule anayesema bwawa limemfukuzia mvua hayuko mbali mno na ukweli kuliko yule anayesema limemletea, ingawa wote wawili hukuza mambo. Huko China nako, mabishano kuhusu bwawa la Mabonde Matatu katika mto Yangtze hayajatulia: wako waliosema athari yake haivuki makumi machache ya kilomita, na wako walioona dalili zake hadi kilomita mia.

Iwapo yuko anayetaka kuona kwa macho kazi ambayo maji mengi hufanya, basi asitazame ziwa linalojengwa. Atazame ziwa linalokufa. Bahari ya Aral huko Asia ya Kati ilikuwa na kilomita mraba 68,000 mwaka wa 1960, ikilingana na Viktoria letu. Mito miwili iliyoilisha, Amu Darya na Syr Darya, ikaelekezwa kwenye mashamba ya pamba, na katika muda wa nusu karne ikabaki chini ya sehemu moja ya kumi. Kandokando yake majira ya joto yamezidi ukali, majira ya baridi yamezidi ukali, msimu wa kuoteshea mimea umepungua, na pepo hubeba chumvi ya sakafu iliyokauka na kuitapanya mashambani. Huo ulinzi wa joto na baridi ndio uliokuwa zawadi ya kweli ya maji yale kwa majirani zake.

Kwa nini nimechukua nafasi kubwa hivi kwa jambo la mvuke na upepo? Kwa sababu kuna watu wanaopanda kwa kuliamini. Mkulima aliyehakikishiwa kwamba bwawa limebadilisha mvua ya kwao huacha mtama, mawele na ndengu, mazao yanayojua kuvumilia, akapanda mahindi. Msimu ukikosa, hana gunia hata moja. Serikali iliyoamini kwamba ziwa litajiletea mvua haioni haraka ya kulinda misitu ya Aberdare na ya Mlima Kenya, ambako maji ya Tana hutoka hasa. Bwawa la Thwake huko Makueni, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka wa 2018, limekusudiwa kuhifadhi mita za ujazo milioni 688. Watu wa Makueni na Kitui wana haki ya kuuliza ni mifereji mingapi itakayofika mashambani kwao, kwa bei gani, na ni kiasi gani kitakachopaa kila mwaka pasipo faida. Wakiahidiwa mvua badala ya mfereji, wamepewa wingu mkononi.

Ninawapendekezea walimu wenzangu kazi moja ambayo haihitaji ruzuku. Shule zilizo karibu na bwawa lolote, hata lambo kubwa la kijiji, zishirikiane tatu tatu: moja iliyo ufukoni, ya pili kilomita tano hivi kutoka majini, ya tatu kilomita ishirini, zote katika mwinuko unaokaribiana, ili mlima usije ukaharibu ulinganishi. Kila moja iwe na kipimamvua, ambacho hata chupa ya plastiki iliyokatwa shingo huweza kuwa, na kipimajoto kilichotundikwa kivulini. Wanafunzi wasome vipimo saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri, waandike upepo unatoka wapi, na wasikose hata siku za likizo. Wanaoishi karibu na shule wapeane zamu. Baada ya mwaka mmoja watakuwa na kitu cha kusema kuhusu joto na upepo. Kuhusu mvua, wawaachie madaftari wadogo zao, na hao wawaachie wadogo zao.

Na siku ya kwanza ya kazi hiyo, mwalimu achore ubaoni ule mchoro wetu wa zamani, lakini wingu alitoe nje ya ubao, alipitishe ukutani, dirishani, hadi uwanjani, na mshale wa mvua auchore kutoka mlangoni.